Lugha ya Mhusika katika Filamu za Hali Halisi: Uhakiki wa Filamu Nne

Filamu ya hali halisi hudai jambo ambalo riwaya na tamthilia hazilidai. Mwandishi wa riwaya hubuni wahusika wake, na msomaji huyapokea maneno yao akijua kwamba yametungwa. Mtengenezaji wa filamu ya hali halisi huwachukua watu walio hai, wenye majina na jamaa zao, akawaweka mbele ya hadhira ambayo aghalabu haitakutana nao maishani. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi wamezipima filamu hizi kwa maudhui yake peke yake: je, zinafichua dhuluma? Je, zinamtetea mnyonge? Kipimo hicho ni cha haki, lakini hakitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika filamu zinazoihusu Afrika, suala la lugha ndilo linaloamua kama mtu atatokea katika picha akiwa mwenye fikra zake, au akiwa kielelezo tu cha shida. Mhusika anasema kwa lugha gani? Nani anamfasiria? Maneno yake yanaelekezwa kwa nani? Filamu nne zitachunguzwa kwa mintarafu ya maswali hayo matatu: tatu zimetengenezwa na wageni, na moja na Mwafrika aliyezaliwa na wazazi waliotoka katika kijiji anachokionyesha.

Ya kwanza ni Les maîtres fous, yaani “Mabwana Wenda Wazimu”, ya Mfaransa Jean Rouch, iliyotolewa mwaka 1955. Rouch aliipiga picha Accra mwaka 1954, wakati Ghana ilipokuwa ingali koloni la Waingereza ikiitwa Gold Coast. Wahusika wake ni vibarua waliohamia huko kutoka Niger, wafuasi wa pepo waitwao Hauka. Wanapopandwa na pepo hao, vibarua hugeuka kuwa gavana, maofisa wa jeshi na dereva wa gari moshi, nao huigiza mbele ya kamera vyeo vile vile vilivyokuwa vikiwatawala. Maudhui haya ni mazito. Mtu anayebeba mizigo mchana kutwa anakivaa cheo cha mtawala, anakitetemesha na kukitoa povu mdomoni. Haishangazi kwamba filamu hiyo iliwakasirisha watawala wa kikoloni na baadhi ya Waafrika vile vile, wale wa kwanza wakiona inawadhihaki, na hawa wa pili wakiona inawatweza.

Hata hivyo fani ya filamu hiyo inayasaliti maudhui yake. Tangu mwanzo hadi mwisho sauti inayotawala ni moja, nayo ni ya Rouch mwenyewe, kwa Kifaransa. Yeye ndiye anayeeleza nani kapandwa na nani, yeye ndiye anayesema wanachokisema waliopandwa, na yeye ndiye anayetoa hitimisho. Mwishoni vibarua wanaonyeshwa wakiwa wamerudi kazini, wametulia na kutabasamu, naye msimulizi anadokeza kwamba huenda wamepata dawa ambayo Wazungu bado hawaijui. Dokezo hilo linafikirisha, lakini halikutoka kinywani mwa kibarua hata mmoja. Mtazamaji anamaliza kuitazama filamu akiijua fikra ya Rouch kuhusu vibarua, asiijue fikra ya vibarua kuhusu siku yao. Katika mjadala wao uliojulikana sana wa mwaka 1965, Ousmane Sembène wa Senegal alimlaumu Rouch kwa kuwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Lawama hiyo huchukuliwa na wengi kuwa inahusu picha. Ukweli ni kwamba inahusu sauti pia: mdudu huelezwa na mtaalamu, haulizwi.

Filamu ya pili inatoka Kenya. Lorang's Way (1979) ni moja ya filamu tatu ambazo David na Judith MacDougall walizitengeneza kutokana na picha walizopiga Turkana katika miaka ya 1970. Nyingine ni The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Kabla ya hapo, mwaka 1968, David MacDougall alikuwa amepiga picha miongoni mwa Wajie wa Uganda kwa ajili ya To Live with Herds, filamu iliyotolewa mwaka 1972, nayo imo miongoni mwa filamu za mwanzo za aina yake kuyaacha mazungumzo ya wenyeji yasikike kama yalivyo, huku tafsiri yake ikiandikwa chini ya picha. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati huo lilikuwa mageuzi, kwa kuwa lilimnyang'anya msimulizi kiti chake.

Matunda ya mageuzi hayo yanaonekana wazi katika tabia ya Lorang. Mzee huyu aliwahi kuishi mbali na kwao akiwa askari wa jeshi la kikoloni, kisha akarudi akajijenga upya kwa mifugo. Katika filamu anasema kwa Kiturkana, kwa mapana na marefu. Anapima maisha ya mfugaji na maisha aliyoyaona nje, anatahadharisha, anajigamba, anajikosoa. Wake zake na wenzake nao wanamzungumzia, wala hawakubaliani kuhusu yeye ni mtu wa namna gani. Hivyo mtazamaji hapewi “Mturkana wa kawaida”. Anapewa mtu mmoja mwenye msimamo, anayebishiwa na jamaa zake. Kama Lorang angehojiwa kwa Kiingereza, au hata kwa Kiswahili cha kambini, hekima hiyo yote ingepungua ikawa sentensi tatu nne za kuvunjikavunjika, na mtazamaji angedhani kwamba ni akili iliyopungua, kumbe ni lugha.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu maandishi ya tafsiri kupita kiasi. Mstari mmoja chini ya picha lazima uwe mfupi, na hukaa kwa nukta chache tu. Mafumbo, majina ya rangi za ng'ombe, heshima inayobebwa na namna ya kumwita mtu, vyote hupitia tundu la sindano. Aidha, maandishi hayo ni ya Kiingereza, na kwa hiyo filamu inamwachia Lorang ulimi wake lakini inamkusudia msikilizaji wa mbali. Jirani yake Mpokot au Msamburu, ambaye angekuwa na mengi ya kumjibu, hakufikiriwa.

Filamu ya tatu ndiyo iliyozua kelele kubwa zaidi katika Afrika ya Mashariki. Darwin's Nightmare, yaani “Jinamizi la Darwin”, ya Hubert Sauper wa Austria, ilitolewa mwaka 2004, na Tanzania ikajulikana zaidi kama filamu ya mapanki. Mahali pake ni Mwanza na visiwa vya wavuvi. Samaki aitwaye sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aliwameza furu na samaki wengine wadogo wa ziwa hilo, kisha akawa bidhaa ya viwanda. Minofu yake inapakiwa katika ndege kubwa za mizigo za Kirusi na kupelekwa Ulaya. Vichwa na mifupa, yaani mapanki, vinaanikwa juani na kukaangwa ili viliwe na maskini. Filamu inauliza tena na tena: ndege hizo huja na nini? Mwishoni rubani mmoja anasimulia kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika ya Kusini.

Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea filamu hiyo hadharani, na Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, jambo lililowafikisha yeye na Sauper mahakamani mjini Paris, ambako mwaka 2008 Sauper alishinda kesi ya kashfa. Mabishano hayo yote yalihusu ukweli wa maudhui. Je, silaha zilipitia Mwanza? Je, mapanki huliwa na watu wengi au wachache? Ni maswali ya haki, kwa kuwa filamu yenyewe inaitegemea mno minong'ono, na methali isemayo lisemwalo lipo haigeuki kuwa ushahidi kwa kupigwa picha. Lakini hoja ya lugha ilikuwa haijaguswa, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na kidonda.

Mhusika asiyesahaulika katika filamu hiyo ni mlinzi wa usiku, askari wa zamani, anayelinda taasisi ya uchunguzi wa samaki kwa upinde na mishale ya sumu. Anaieleza kazi yake, ujira wake, na kwa nini maskini wengi wangefurahi vita vikizuka: jeshi hulipa. Ni maneno ya kutisha. Anayasema kwa Kiingereza cha kuungaunga, akitafuta neno, akitabasamu pale neno linapokosekana. Mtazamaji wa Ulaya anaona katika tabasamu hilo wazimu au ukatili wa ajabu. Mswahili analitambua mara moja: ni tabasamu la mtu aliyeishiwa na msamiati mbele ya mgeni. Mtu huyo angeulizwa kwa Kiswahili, lugha iliyo yake bila shaka yoyote, angeweza kutofautisha kutamani vita na kueleza kwa nini wengine huvitamani. Tofauti hiyo ni ndogo katika sarufi na ni kubwa mno katika utu. Sauper hakuweka msimulizi, na kwa hili amesifiwa. Lakini msimulizi hakutoweka. Amejificha katika ukataji na upangaji wa picha, na katika lugha ambayo mhojiwa amelazimika kuitumia.

Kiswahili kimo katika filamu, na pale kinapotokea hali hubadilika. Mwanamke kijana anayeuza mwili wake kwa marubani anaimba mbele yao wimbo wa kuitukuza Tanzania. Kwa mtazamaji wa mbali huo ni wimbo tu wa huzuni. Kwa Mtanzania ni wimbo wa kizalendo anaoujua tangu utotoni, na kuusikia ukiimbwa mahali pale, kwa watu wale, ni tuhuma kali kuliko ndege zote za silaha. Baadaye filamu inaarifu kwamba mwanamke huyo ameuawa na mteja. Hapa, kwa dakika chache, mhusika amesema zaidi ya alivyoulizwa, na amesema na watu wake.

Filamu ya nne ni kongwe kuliko hizo mbili zilizotangulia, lakini imewekwa mwisho kwa sababu inajibu swali la msikilizaji. Kaddu Beykat, yaani “Sauti ya Mkulima”, ni ya mwaka 1975, na mtengenezaji wake ni Safi Faye wa Senegal, mwanamke aliyewahi kuigiza katika filamu ya Rouch, Petit à petit, kabla ya kushika kamera mwenyewe. Filamu hiyo ina umbo la barua itokayo kijijini. Wakulima wanazungumza kwa Kiwolof juu ya karanga, zao waliloachiwa na ukoloni, juu ya kodi, na juu ya mvua. Kijana mmoja anakosa mahari na kwenda Dakar kutafuta kazi. Faye anaisoma barua yake kwa Kifaransa. Hakuepuka lugha ya mkoloni. Lakini yeye ni mmoja wa wanaotoa salamu, si mpelelezi wa salamu za wengine. Wazee waliokaa chini ya mti hawaulizwi ili wajieleze kwa mgeni. Wanabishana wao kwa wao, na kamera inasubiri. Serikali ya Senegal iliipiga marufuku filamu hiyo, ishara kwamba mkulima alisikika na yule aliyekusudiwa kumsikia.

Kutokana na uchunguzi huu, haitoshi kusema kwamba mgeni asipige picha Afrika. Methali yasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini MacDougall alikaa, akasikiliza, na Lorang akabaki na ulimi wake. Wala haitoshi kusema kwamba kuondoa msimulizi ni kumkomboa mhusika, maana Sauper alimwondoa na mlinzi akabaki bubu ndani ya Kiingereza. Linalodaiwa ni mambo mawili: mhusika aulizwe kwa lugha anayofikiria kwayo, na filamu irudi kwake na kwa majirani zake kwa lugha wanayoisikia. Dai la kwanza ni juu ya watengenezaji filamu. La pili ni juu ya idara za lugha za vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Mtafsiri wa Kiswahili angeweza kumfanya Lorang asikike Mwanza, na mvuvi wa Mwanza asikike Lodwar. Kazi hiyo haihitaji ndege wala kiwanda, na haijafanywa.