Kitabu Kisichoficha Sababu: Kuhusu The Design of Rijndael

Tulipokuwa wadogo tulizungumza kinyume ili wakubwa wasitusikie: kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu. Walituelewa vizuri tu, kwani nao waliwahi kuwa watoto. Kuhamisha silabi peke yake hakufichi kitu. Mwaka 1949 Claude Shannon alieleza kwamba siri inataka mawili kwa pamoja: kuvuruga uhusiano wa ufunguo na maandishi yaliyofichwa, na kutawanya athari ya kila herufi mbali na pale ilipokuwa.

The Design of Rijndael (2002), cha Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, kinahusu ufundi huo. Mimi nimekisoma kama ninavyosoma riwaya: hiki kimewekwa hapa kwa nini? Ujumbe unakatwa mafungu ya baiti 16, kila fungu likapangwa mraba wa nne kwa nne. Kila baiti inabadilishwa kwa jedwali, safu za mlalo zinasogezwa, za wima zinachanganywa, ufunguo unaongezwa. Halafu tena, raundi 10 hadi 14 kutegemea urefu wa ufunguo. (Ya mwisho haichanganyi, na sababu yake ipo.) Hakuna urembo humu. Ondoa kule kusogeza, kila safu wima inabaki kisiwa. Ondoa jedwali, fumbo zima linageuka hesabu ya milinganyo ambayo mwanafunzi hodari ataifungua.

Linganisha na DES, kanuni ya Marekani ya mwaka 1977. Majedwali yake yalichapishwa, sababu zikafichwa. Watu wakashuku, na walikuwa na haki: shirika la ujasusi NSA lilikuwa na mkono humo. Mwaka 1994 ndipo Don Coppersmith wa IBM alipoandika kwamba majedwali yalichaguliwa kuzuia shambulio ambalo wao walilijua tangu 1974. Kumbe yalikuwa mazuri! Lakini msomaji aliyefichiwa sababu angejuaje?

Daemen na Rijmen walienda njia nyingine kabisa. Katika pendekezo lao waliandika kwamba mtu akihofia mlango wa siri, jedwali lao linaweza kubadilishwa na jingine. Nimewasoma waandishi wengi. Wanaothubutu kusema hivyo kuhusu ukurasa wao bora ni wachache mno.

Ugomvi wangu nao ni sura ya pili. Hisabati imerundikwa mlangoni pale, msomaji wa kawaida anageuza njia. Mimi niliiruka, nikaanzia ya tatu, nikairudia baadaye na penseli mkononi. Nawe fanya hivyo.