Mshona Mahema na Mabruda wa Peramiho

Paulo Mtume alihubiri Korintho huku akishona mahema pamoja na Akwila na Prisila, asile chakula cha mtu bure. Karne ya 6 Mtakatifu Benedikto akaandika katika sura ya 48 ya Kanuni yake kwamba mmonaki wa kweli huishi kwa kazi ya mikono yake, kama mitume. Fundisho hilo lilifika Ungoni, kusini mwa Tanzania, pamoja na Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Bruda wa huko, mmonaki asiye padri, huvua kanzu nyeusi, akavaa ovaroli, akashika randa. Kengele ikilia, hukung'uta maranda akaenda kusali. Wengi husifu mahubiri, nami siyabezi. Ila mimi nasifu meza ya seremala, na mitambo iliyotuchapia vitabu vya Kiswahili. Hongereni, mabruda!