Kitabu cha «Matayarisho ya Kifo» na matumizi ya wakati

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukifika, wahubiri wengi wa retreti wanakifungua tena kitabu kilekile. Wengine wanacho kwa Kifransa, wengine walinakili kurasa zake katika daftari tangu siku za seminari. Ni kitabu cha Mtakatifu Alfonso wa Liguori juu ya matayarisho ya kifo, kilichotolewa mwaka wa 1758. Kina tafakari 36, kila moja ina sehemu tatu, na mwenyewe alisema tangu ukurasa wa kwanza kwamba kinawafaa watu wote kwa kutafakari na mapadri kwa kuhubiri. Basi tunahubiri. Hatuna neno juu ya mwandishi. Kanisa lilimweka katika hesabu ya Waalimu wake mwaka wa 1871. Lakini kitabu kinachotumiwa namna hii kinastahili kupimwa, na swali letu ni moja tu: mtu akiisha kukisikia, anafanya nini na siku yake ya kesho?

Tafakari ya kwanza inatuonyesha maiti. Mtu amekata roho sasa hivi. Tunaona uso wake, tunasikia harufu, tunafuata mwili mpaka kaburini na nyuma ya kaburi, funza kwa funza. Imeandikwa na mtu aliyewajua wagonjwa wa Napoli, na haina neno la bure. Kwa wakubwa wa mji ule, waliojipaka manukato na kuwaachia watumishi kazi ya kuosha maiti, ilikuwa dawa kali na ya lazima. Lakini mhubiri wa Kirungu hahubiri Napoli. Wakristu wetu wanaosha maiti kwa mikono yao, wanalala chini siku za kilio, wanachimba kaburi wenyewe. Kumweleza maiti mama aliyekwisha kuzika watoto wawili ni kumweleza mvuvi wa Moba maji ya ziwa. Atalia, ndiyo. Analia kwa sababu amewakumbuka watoto wake, na mhubiri anafikiri ni toba.

Tafakari ya kumi na moja ndiyo inayotuhusu zaidi, maana inasema juu ya bei ya wakati. Hapo Mtakatifu Alfonso ni fundi kabisa. Wakati ni hazina ipatikanayo hapa duniani tu. Waliopotea wangetoa vyote wapate saa moja, na sisi tunazitupa saa kama maganda. Kila neno ni kweli. Hata hivi, tukisoma mara ya pili na ya tatu, tunaona jambo: wakati huu ni wa mtu mmoja. Ni wangu, kwa ajili ya roho yangu, na unakwisha mlangoni pa kaburi langu. Jirani hayumo. Wale watakaokuja nyuma yangu hawamo. Ni kama baba anayehesabu chakula cha nyumba kwa tumbo lake mwenyewe.

Matunda yake tumeyaona. Katekista mmoja, nyuma ya retreti, alitaka wakatekumeni wake wote wabatizwe mbele ya Noeli, hata wale wasiojua bado Baba Yetu, kwa hofu kifo kisiwapate. Mseminari mmoja aliweka kando sarufi ya Kilatini: kwa nini kuhangaika na kitabu cha miaka sita ikiwa labda usiku huu nitaitwa? Mwingine akaingia vyama vitatu kwa mara moja, akaanza novena juu ya novena, na hakumaliza hata moja. Na wa nne akaketi tu. Aliulizwa, akajibu: «Tutakufa tu.» Mwenye haraka na mvivu wanaonekana kuwa mbalimbali, lakini ugonjwa ni ule mmoja: wote wamekata kamba ya wakati pale wao wenyewe watakapoanguka. Mtakatifu Paulo aliukuta ugonjwa huu Tesalonika, kwa watu walioacha kazi wakisema siku ya Bwana iko karibu, na aliwajibu kwa ukali.

Sasa tutazame hapa kwetu. Kama wako watu waliokuwa na haki ya kufanya haraka, ni wale waliokuja kandokando ya ziwa Tanganika katika karne ya 19. Monsinyori Charbonnier alipata uaskofu mwaka wa 1887. Mwaka haujatimia, akazikwa Karema. Monsinyori Bridoux akamfuata, na mwaka wa 1890 homa ikamwua Kibanga. Mapadri na mabruda walikufa vijana. Hawakuhitaji tafakari ya kwanza. Lakini walishika sheria gani? Sheria ya Kardinali Lavigerie: mtu mzima akitaka ubatizo, miaka minne ya kungoja na kufundishwa. Miaka minne, katika inchi ambapo mwalimu mwenyewe hakuwa na hakika ya miaka miwili! Ni kweli kwamba aliye katika hatari ya kufa alibatizwa papo hapo, hata usiku, hata njiani. Basi walikuwa na saa mbili mfukoni, moja ya mtu anayekufa, na moja ya Kanisa linaloanza, na hawakuzichanganya. Katekista tuliyemtaja alizichanganya, na kosa si lake tu. Ni la mhubiri aliyempa saa moja.

Kiisha akaja Monsinyori Roelens, askofu tangu 1896. Yeye na wenzake waliwakusanya vijana kule Mpala, wakaanza seminari. Wengi waliingia, wengi wakatoka. Zaidi ya miaka 15 ilipita, na tarehe 21 Julai 1917, hapa Kirungu, iliyoitwa siku zile Baudouinville, akapadirishwa Stefano Kaoze, padri wa kwanza katika Congo ya Wabelgiji. Padri mmoja. Askofu anayefikiri kwamba wakati ni mali yake mwenyewe angefunga nyumba ile mwaka wa tano, awapeleke walimu wake vijijini kubatiza.

Tusiwapambe mno. Urefu ule wa masomo ulitoka pia katika mashaka ya Wazungu juu ya mtu mweusi. Walimpima, wakampima tena. Hatukatai. Na Monsinyori Roelens hakufa kijana, aliishi karibu miaka 90, akafa hapahapa mwaka wa 1947. Lakini siku alipoanza hakujua hayo. Makaburi aliyoyaona yalimwambia neno lingine.

Na Kaoze mwenyewe? Kungoja kwake hakukuwa kulala. Mwaka wa 1910, miaka saba mbele ya upadri, maandiko yake juu ya roho na akili za Wabantu yalianza kutolewa kwa Kifransa. Alikuwa mseminari bado, sawa ninyi mnaosoma kurasa hizi. Ng'ambo ya maji, Karema, alikuwako Adriani Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akafundishwa uganga Malta, akawa katekista na mganga wa watu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Mganga anajua kuliko sisi kwamba kila mgonjwa anayemponya leo atakufa siku nyingine. Hakuacha kumtibu.

Jambo la ajabu ni hili: anayekisahihisha kitabu cha Mtakatifu Alfonso vizuri kuliko sisi ni Mtakatifu Alfonso. Aliweka nadhiri ya kutopoteza wakati, na wengine wanaitumia nadhiri hiyo kutusukuma. Lakini aliitumia kwa nini? Alizaliwa mwaka wa 1696, akafa mwaka wa 1787. Mwaka wa 1732 alianza shirika, na taabu za shirika lile zilimfuata hata uzeeni. Kitabu chake kikubwa cha maadili kilitoka mwaka wa 1748, na tangu hapo alikirudia chapa kwa chapa, akifuta, akiongeza, ili mapadri asiowajua wapate kuungamisha vema. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwamba atakufa na wengine watabaki. Katika tafakari ya kumi na moja hatumkuti mtu huyu. Tunasikitika.

Mtakatifu Inyasi, katika Mazoezi yake, anakiita kifo kwa njia nyingine. Anamwambia anayetaka kuchagua jambo: jiweke katika saa ya kufa kwako, tazama ungependa kuwa umechagua nini, kiisha uchague hivyo sasa. Hapo kifo kinaketi sawa mzee katika baraza. Kinatoa shauri, hakishiki fimbo. Tungependa mhubiri wa retreti aweke ukurasa huo karibu na ule wa Alfonso, ijapo si rahisi kuufundisha kwa mkutano mkubwa. Unahitaji ukimya, na mtu mwenye uchaguzi mbele yake.

Padri mmoja alitujibu: «Na Kongolo?» Neno lake ni zito. Tarehe 1 Januari 1962, Kongolo, wamisionari ishirini wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa siku moja na askari. Nani aliwapa nafasi ya kazi ndefu? Tunakubali: juu ya kitubio, Alfonso ana haki kamili, na mtu asijaribu kulainisha maneno yake. Anayeahirisha kitubio anacheza. Lakini wale ishirini, asubuhi ile, waliacha madarasa katikati, wagonjwa katikati, vijana katikati ya masomo. Je, tuseme walitumia wakati wao vibaya kwa sababu hawakumaliza? Jimbo la Kongolo lipo hata leo.

Mwaka mmoja, katika retreti ya wakatekista, tulijaribu kuihubiri tafakari ya kumi na moja na kuongeza swali moja mwishoni: una kazi gani ambayo itamalizwa na mwingine? Wengi walinyamaza. Mmoja alisema watoto wake. Mzee mmoja, katekista tangu ujana, hakusema neno lolote kanisani. Jioni alikuja mlangoni petu akaomba daftari mbili na kalamu. Alisema ziko nyimbo za misioni ambazo yeye peke yake anazijua zote, na hajaziandika.