Nataraja Mzuri Huonekana Mgongoni

Muuzaji atakuelekeza kwenye uso. Wewe izungushe sanamu, anza na mgongo.

Nataraja ni mungu Shiva akicheza ngoma ya kuumba na kuangamiza ulimwengu. Chini ya wafalme wa Chola, kusini mwa India, kati ya karne ya 9 na ya 13, sanamu zake za shaba zilitolewa hekaluni siku za sikukuu na kubebwa barabarani. Ndiyo maana vitako vyake vina matundu au pete za kupitishia miti. Siku hizo huvishwa hariri na mashada ya maua, mgongo usionekane kabisa. Hata hivyo mafundi wa Chola waliumaliza kwa uangalifu uleule: uti wa mgongo, mabega, nywele zilizoangukia shingoni. Kazi iliyoachwa chapwa nyuma ilifanywa kwa ajili ya duka.

Kisha tazama jinsi ilivyosubiwa. Huko Swamimalai, karibu na Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu, mafundi bado hupima viungo kwa ukuti wa mnazi uliokunjwa, hufinyanga umbo zima kwa nta, kisha hulipaka udongo laini wa mto Kaveri. Udongo ukichomwa, nta huyeyuka na kutoka. Shaba humiminwa mahali pake, na kalibu huvunjwa. Kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizo sawasawa. Ukiona mbili zinazofanana hadi kwenye kasoro, ondoka.

Nta ina ulaini wake, na katika kazi bora ulaini huo hubaki kwenye shaba. Mkufu hulala juu ya kifua, mshipi hufuata kiuno. Kwenye kazi ya haraka utaona mapambo yamechimbwa kwa patasi baada ya kusubu: mistari mikavu, kina kimoja kila mahali.

Jambo gumu kuliko yote ni mizani. Mguu wa kulia umemkanyaga Apasmara, kibeti anayesimamia ujinga. Wa kushoto umeinuliwa, mikono minne imetanuka, nywele zinaruka. Katikati ya vurugu hilo kiwiliwili lazima kitulie. Mkono wa mbele wa kushoto unaovuka kifua kuuonyesha mguu ulioinuliwa ndio huwashinda wengi: ukikakamaa, dansi yote imekufa. Uso nao usicheke wala usikaze. Mimi humkagua Apasmara pia. Fundi hafifu humfanya bonge tu, fundi wa kweli humpa uhai chini ya unyayo.

Usidanganywe na uchakavu. Sanamu iliyoogeshwa kwa maziwa na kupakwa msandali kwa karne nyingi hulainika palipochomoza: puani, tumboni, magotini. Ukijani uliotandazwa sawia mwili mzima mara nyingi ni kazi ya tindikali.

Mwisho, ulizia hati. Sheria ya India ya mwaka 1972 inakataza watu binafsi kupeleka nje ya nchi sanamu zilizozidi miaka 100. Jumba la Taifa la Sanaa la Australia lilinunua Nataraja mwaka 2008 kwa mamilioni ya dola, ikabainika aliibwa katika hekalu la Sripuranthan, na mwaka 2014 akarudishwa India. Ukimtaka wako, muagize mpya kwa mafundi wa Swamimalai. Wale wa kale waachie mahekalu yao.