Wapiga Doria wa Chini ya Ardhi

Waingereza wengi wanapokumbuka maandalizi ya vita vya nyuklia, hukumbuka kijitabu cha serikali kiitwacho Protect and Survive, kilichotolewa kwa umma mwaka 1980, ambacho kiliwafundisha kuegemeza milango ukutani ili kupata kimbilio, na kuweka akiba ya siku 14. Ni wachache mno wanaowakumbuka raia wa kujitolea wa Royal Observer Corps, kikosi kilichoundwa mwaka 1925 kutazama ndege za adui, na ambacho tangu miaka ya 1950 kilipewa jukumu la kuripoti milipuko ya nyuklia pamoja na vumbi lenye mionzi linaloanguka baadaye.

Vituo vyao, zaidi ya 1,500, vilikuwa vyumba vya zege chini ya mashamba, kila kimoja kikiwa na watu watatu hivi. Kifaa kimoja kinastahili kuelezwa: kopo la chuma lenye matundu manne yaliyoelekea pande nne za dunia, ambamo mwanga wa mlipuko ungeacha alama kwenye karatasi ya picha na kuonyesha mwelekeo na kimo chake. Karatasi hiyo ilipaswa kuchukuliwa na mtu ambaye angepanda ngazi na kutoka nje muda mfupi baada ya mlipuko. Walilijua hilo, na bado walihudhuria mazoezi baada ya kazi zao za kila siku. Huo ni ujasiri unaostahili heshima kamili.

Vituo vya mwisho vilifungwa mwaka 1991. Baadhi vimekarabatiwa na wapenzi wa historia, na makao ya kikosi hicho mjini York hupokea wageni.