Mpira Katika Slaidi Tano

Shuleni PowerPoint hufundishwa kwa ajili ya maandishi: kichwa cha habari, hoja tatu, picha pembeni. Mimi naisifu kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Humo mwanafunzi asiye na programu ya bei ghali, wala intaneti, anaweza kujifunza sanaa ya katuni kuanzia shinani, picha moja baada ya nyingine.

Somo la kwanza ni mpira unaodunda. Mwanafunzi anachora duara juu ya slaidi, ananakili slaidi nzima, kisha kwenye nakala anausogeza mpira chini kidogo. Ananakili tena, anasogeza tena. Mwishowe anazipangia slaidi zijibadilishe zenyewe kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, bila madoido, na mpira unashuka.

Unashuka, lakini hauanguki. Wanaoanza huusogeza kwa hatua zilizo sawa, na darasa zima huona kasoro: mpira unateremka kama lifti. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mwambie mwanafunzi agawanye kimo cha slaidi katika sehemu 16. Kwenye slaidi ya pili mpira ushuke sehemu 1, ya tatu 3, ya nne 5, ya tano 7. Jumla ni 16, umefika chini. Namba hizo witiri ndizo Galileo alizozieleza katika kitabu chake cha 1638 kuhusu vitu vinavyoanguka. Ukishagusa sakafu, aubonyeze uwe mpana na mfupi kwa slaidi moja tu, kisha aupandishe kwa 5, 3, 1. Utaishia sehemu ya 9, chini ya ulikoanzia, kama ufanyavyo mpira wa kweli. Mtoto huyo amejifunza kani ya mvutano kwa vidole vyake.

Programu hiyohiyo ina madoido ya tayari: bofya, na kitu kinadunda chenyewe. Yana faida zake kwa mwenye haraka, lakini humnyang'anya mwanafunzi maamuzi, na sanaa yote imo katika maamuzi hayo: mpira usogee kiasi gani, na kwa nini. Ufundi wa katuni unakaa katika nafasi iliyo kati ya picha na picha.

Mfaransa Émile Reynaud aliijua nafasi hiyo. Mwaka 1892, miaka mitatu kabla ya maonyesho ya sinema ya ndugu Lumière, aliwaonyesha watu wa Paris katuni alizozipaka rangi kwa mkono, picha moja moja. Mojawapo, Pauvre Pierrot, ilikuwa na picha 500, naye aliuzungusha mkanda mwenyewe, akiusimamisha na kuurudisha nyuma alipotaka. Mwanafunzi anayebonyeza kitufe cha mshale, mbele na nyuma, akitafuta mahali mwendo unapokwama, yumo katika ufundi uleule.

Wachoraji wengi wa katuni hutumia michoro 12 kwa kila sekunde. Aliyewahi kutengeneza sekunde tatu tu anajua zina jasho la michoro 36, na tangu hapo hatazami tena katuni wala jani linalodondoka kwa macho ya zamani. Shule yenye kompyuta chache inaweza kumpa mwanafunzi elimu hiyo, mradi mwalimu awe na subira ya kumwacha ausogeze mpira mwenyewe, akosee, na asogeze upya.