Orkestra ya Marekani iliyopata sauti yake mjini Paris

Tukisema funk, ule muziki wa Wamarekani weusi ambamo ngoma na gitaa la besi ndivyo vinaongoza, wengi wanamtaja James Brown aliyekuja Kinshasa mwaka 1974, basi. Lakini kuko orkestra ingine ambayo sifa yake haikutufikia: Lafayette Afro Rock Band.

Vijana hao walianza mwaka 1970 huko Roosevelt, Long Island, karibu na New York, wakimsindikiza mwimbaji Bobby Boyd. Boyd alipowaacha, wakajiita Ice. Mwaka 1971 wakahamia Ufaransa, juu kwao orkestra za namna ile zilikuwa zimejaa. Wakapiga muziki katika Barbès, mtaa wa Paris wenye wahamiaji wengi wa Afrika. Pale masikio yao yakafunguka. Wakaingiza midundo ya Kiafrika, na jina likabadilika tena.

Mwaka 1973 walitoa albamu Soul Makossa, wakirudilia wimbo wa Mkameruni Manu Dibango. Ni yeye yule aliyekuja Léopoldville mwaka 1961 kupiga na African Jazz ya Kabasele. Kumbe mzee ambaye Wamarekani hao walimfuata alikuwa amepita kwanza katika shule yetu.

Sasa tuseme ukweli. Kopi yao ya Soul Makossa imepigwa vizuri, lakini haimupiti mwenyewe. Nguvu yao iko katika Hihache: mwanzoni mpiga ngoma Ernest Donable anaachiwa nafasi, na kila pigo linakaa mahali pake bila haraka. Iko tena katika Darkest Light, pale saksofoni inalia kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Hapo hawaigi mtu.

Waliachana mwaka 1978 bila kujulikana sana kwao. Kisha vijana wa rap wakakata vipande vya disiki zao: Public Enemy mwaka 1988, Jay-Z mwaka 2006, wote walichukua ile saksofoni. Watu wengi sana waliicheza bila kujua inatoka wapi. Juu ya nini? Sehemu moja iko kosa lao: anayebadilisha jina kila mara, nani atamufuata? Lakini anayechukua sauti ya mwingine naye anapaswa kutaja kinywa ilikotoka.

Na sisi je? Wimbo wa harusi ukitupendeza, tunasema tu «ni wa zamani», na aliyeutunga anapotea. Kulinda mila hakuishi kwa kucheza ngoma. Kunadai pia kuandika nani aliipiga, wapi, na mwaka gani. Mwenye disiki ya zamani nyumbani aulize wazee majina ya wapigaji, ayaandike kwenye karatasi yake. Ataanza leo, maana wazee hawatungoji.